Nimefundisha gredi ya 8 kuchora ramani za nyumba kwa kompyuta. Haya ndiyo niliyoyaona

Mwalimu wa Kisauni

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa Pre-Technical katika shule ya umma huku Kisauni, Mombasa. Mtaala wa umilisi uliingia sekondari msingi Januari 2023, na tangu masomo yalipounganishwa 2024 somo hili limebeba mambo mengi: vifaa vya ufundi, usalama kazini, uchoraji wa kiufundi, kompyuta, hata biashara. Nilichoamua ni kuunganisha uchoraji na kompyuta, watoto wachore ramani ya nyumba kamili. Nimefanya hivyo kwa mihula mitatu sasa na nataka kuwaeleza wenzangu, maana niliyoyakosea ni mengi na hakuna haja ya mwingine kuyakosea upya.

Vifaa kwanza. Tuna kompyuta 11 zinazowaka na wanafunzi 46. Kila mashine inakaliwa na wanne (mbili zina watano): mmoja ameshika kipanya, wa pili anasoma vipimo, wa tatu anaandika daftarini, wa nne kazi yake ni kusema "ngoja, hapo si sawa". Kila baada ya dakika kumi wanabadilishana. Huyo wa nne msimdharau. Makosa mengi yanaonwa na yeye, kwa sababu macho yake hayajashughulika na kitu kingine.

Programu tunayotumia ni Sweet Home 3D. Ni ya bure, niliibeba kwa flashi na kuiweka kwenye kila mashine, na haihitaji intaneti. Juu mtoto anachora ramani, chini yake papo hapo anaiona nyumba imesimama. Akiongeza ukuta juu, chini unainuka. Kwa mtoto wa miaka 13, jambo hilo moja linafanya kazi ambayo ubao na chaki haviwezi.

Sasa kosa langu la kwanza. Siku ya mwanzo niliwaambia wachore nyumba wanayoitaka. Zikaja kasri. Kundi moja lilichora bafu la mita 9 kwa 8. Nikawauliza, "Bafu hili na darasa letu, kipi kikubwa?" Wakajibu darasa, bila kusita. Tukapima darasa kwa tepu: mita 8 kwa 6. Kimya kikaingia. Kumbe kwao nambari za kwenye skrini zilikuwa nambari tu, hazikuwa na ukubwa.

Wiki iliyofuata sikuwasha kompyuta hata moja. Tulitoka nje na vipimo vya wazee wetu: wanda, shubiri, mkono, pima. Shubiri mbili ni mkono mmoja, mikono minne ni pima moja. Kila mtoto akapima shubiri yake kwa rula, akapima pima yake kwa kunyoosha mikono ukutani huku mwenzake akitia alama ya chaki. Kisha wakaandika kwenye jalada la daftari: shubiri yangu sentimita kadhaa, hatua yangu sentimita kadhaa, pima yangu kadhaa. Tangu siku ile, mtoto akitaka kuandika kipimo cha chumba, kwanza ananyanyuka anakipiga hatua sakafuni. Bafu la mita 9 halijarudi tena.

Jambo jingine dogo lakini muhimu: programu hii ukiifungua inachora ukuta wenye unene wa sentimita 7.5. Watoto hawakujua, wala mimi sikuangalia. Siku moja msichana mmoja akapitisha mkono dirishani kwetu, akashika ukuta ndani na nje, akasema, "Mwalimu, huu wetu ni mnene kuliko wa kompyuta." Tukaupima, pamoja na plasta, sentimita 23. Tukachagua kuta zote kwenye ramani tukabadilisha unene wake, na kwenye mapendeleo ya programu (mipangilio yake) tukabadilisha unene wa kuta mpya. Ramani zote zikawa mbovu mara moja, vyumba vikapungua, kabati hazikuingia. Walikasirika, lakini walirekebisha kila kitu wenyewe bila kuambiwa.

Na kosa langu la pili, hili ndilo linaloniuma. Niliwapa kazi ya nyumbani: kapimeni nyumba yenu, mje muichore. Niliona ni kazi ya maana kabisa. Wengi wakaleta. Msichana mmoja, na huyo ni katika bora darasani, hakuleta kitu. Nikamuuliza mbele ya wenzake. Akainama. Baadaye, wenzake walipotoka, akaniambia, "Kwetu ni chumba kimoja, mwalimu. Nichore nini?"

Sikulala vizuri usiku ule. Nimekulia nyumba ya kupanga mimi mwenyewe, na bado sikufikiria.

Nitaeleza kilichofuata, ila kwanza nataka kusikia walimu wengine: nyinyi mnawaanzisha na nini?

---

Mchoraji wa Tudor

Mwalimu, shukran kwa uzi huu. Kazi yangu ni kuchora ramani, na nimekaa kwenye ofisi za wasanifu majengo miaka mingi. Nakuunga mkono kwa hilo la tepu. Tunapokea vijana wanaotoka vyuoni wanaijua AutoCAD, programu ya kuchorea ya maofisini, kama viganja vyao, lakini hawajui mlango wa kawaida una upana gani. Ukimwuliza anaufungua mchoro mwingine aangalie.

Nina mawili ya kuongeza. Kwanza, wachore kwa mkono kabla ya kompyuta, hata kama ni wiki mbili tu. Karatasi, rula, penseli, skeli ya 1:100, yaani sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya nyumba. Kwenye kompyuta mtoto anachora kwa ukubwa halisi, skeli inakuja wakati wa kuchapisha tu, kwa hiyo anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuelewa skeli ni nini.

Pili, wafundishe kuandika vipimo kwa milimita. Ofisini hatuandiki mita 3.05, tunaandika 3050. Hakuna nukta, hakuna mtu wa kuisoma vibaya nukta iliyofutika kwenye karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa fundi.

Wakifika gredi ya 9 wajaribu LibreCAD. Nayo ni ya bure. Haina picha za kupendeza, ni mistari mitupu, lakini inafundisha matabaka: kuta tabaka lake, milango lake, vipimo lake. Anayeelewa matabaka, AutoCAD haitamsumbua.

---

Fundi Mwashi

Mimi ni fundi, nimejenga hapa Mombasa na Likoni. Nitasema kwa ufundi wangu.

Hizo milimita mzijue, lakini mtoto ajue na futi. Kwenye mjengo hakuna anayesema 3050. Twasema kumi kwa kumi. Ploti ni arubaini kwa themanini, au hamsini kwa mia. Mlango ni wa futi tatu. Mtoto akija kwangu na ramani ya milimita na mimi nimeshika tepu, yataka tuelewane. Hii tepu ina pande mbili, afundishwe zote mbili.

Jambo la pili ni pembe. Kompyuta yampa mtoto tisini bila jasho. Uwanjani hakuna wa kukupa tisini. Sisi twavuta uzi: upande mmoja futi tatu, wa pili futi nne, wa tatu huo wa kukata uwe tano kamili. Ukitimia tano, kona yako i sawa. Usipotimia, ukienda hivyo hivyo, ukifika kwenye kenchi utalia. Nimeshaona nyumba ya watu ambayo bati la mwisho lilikatwa mshazari tangu mwanzo hadi mwisho wa paa, sababu ni kona moja ya msingi.

La tatu, upepo. Hiyo kompyuta yajua kusi na kaskazi?

---

Mama wa Watatu

Mwalimu, mimi ni mzazi tu. Mwanangu wa gredi ya 8, si shule yako, alianza kuchora nyumba shuleni akaja kupima jikoni wakati ninakaanga bajia za kufuturu. Nilimfukuza. Alirudi na rula. Baadaye akaniambia kwamba kutoka kwenye jiko hadi kwenye mfereji ninapiga hatua kumi na moja, na kwamba meza ikihamia ukuta wa pili nitapiga nne. Tuliihamisha meza siku ya Idi. Alisema kweli.

Swali langu: kazi hii inahesabiwa kwenye alama zake? Maana nisije nikamsifu kwa hili akaacha hisabati.

---

Mwalimu wa Kisauni

Mama wa Watatu, hongera kwa meza. Uchoraji wa kiufundi umo ndani ya Pre-Technical, na kazi za mradi zinahesabiwa. Lakini hisabati hataiacha, kwa sababu iko humo humo ndani, na sasa nimalizie kisa cha yule msichana uone.

Kesho yake nilibadilisha kazi kwa darasa zima. Nikasema hakuna tena kuchora nyumba ya kwenu. Kila kundi litachora chumba kimoja cha kumi kwa kumi, familia ya watu sita, kitanda kimoja, godoro moja la kukunja, jiko, meza ya kusomea, ndoo mbili za maji. Asiyeweza kupanga chumba kimoja hajafika pa kupanga nyumba. Sikumtaja mtu.

Waliokuwa wamechora kasri walishindwa. Kumi kwa kumi ni mita 3.05 kwa 3.05, mita mraba 9 na ushei. Waliweka kitanda, wakaweka meza, mlango ukagoma kufunguka. Yule msichana ndiye aliyewaongoza wote. Aliuangalia ule mstari wa duara ambao programu inauchora mlangoni kuonyesha mlango unapofagia, akasema, "Hapa pote hapawekwi kitu." Tukakokotoa: mlango wa sentimita 90 unafagia robo ya duara, na eneo lake ni kama mita mraba 0.64. Sehemu moja katika kumi na tano ya chumba kizima inaliwa na mlango peke yake! Wakaja na fikra ya kuufungulia nje. Yeye akakataa. Alisema korido ni nyembamba, mlango ukifunguka nje utampiga jirani aliyebeba maji. Akahamishia bawaba upande wa pili, mlango ufunguke ukiegemea ukuta. Kwenye programu ni kubofya mara mbili juu ya mlango na kutia alama ya kuugeuza. Pale ulipokuwa ukifagia, meza ya kusomea ikaingia.

Kisha akaning'iniza ndoo, akalaza godoro chini ya kitanda mchana, akaweka rafu juu ya mlango ambapo wengine waliona hewa tupu. Hakuna aliyemfundisha hayo. Ameyaishi. Nilichofanya mimi ni kumpa kipimo na kalamu ya kuyasema.

Nawaambia walimu wenzangu kwa moyo wote: watoto wa vyumba vya kupanga ndio wanaoijua nafasi kuliko sote. Tukiwaanzisha na nyumba ya ndoto tunawanyima pale pale walipo hodari.

Sasa nije kwa Fundi. Upepo programu haiujui. Jua inalijua. Ina dira, unaielekeza kaskazini yako ilipo, unaandika mahali pako, sisi tupo kama digrii 4 kusini mwa ikweta, kisha unapotengeneza picha unachagua tarehe na saa. Tulipiga picha ya chumba kile kile saa kumi jioni, kikiwa na dirisha la magharibi, kisha kikiwa na dirisha la kusini. La magharibi jua lilifika hadi kwenye mto wa kitanda. Tukafanya tena kwa Juni na Desemba. Watoto wakaona kwamba hapa kwetu jua la mchana Juni liko upande wa kaskazini na Desemba limehamia kusini, na nyakati zote mbili likiwa juu sana, hivi kwamba ukingo mdogo wa paa unatosha kulizuia. Kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazopigwa jua likiwa chini, na hapo paa halisaidii kitu.

Upepo tuliuchora kwa mkono juu ya karatasi iliyochapishwa. Mshale mmoja wa kusi kutoka kusini mashariki, mwingine wa kaskazi kutoka kaskazini mashariki. Kila chumba lazima mshale uingie dirisha moja na utokee jingine. Asiye na pa kutokea arudie.

---

Fundi Mwashi

Mwalimu, hapo umenena. Sasa wapeleke Mji wa Kale wakaone nyumba za mawe. Chumba ni kirefu lakini chembamba, hakipiti karibu mita tatu upana. Waulize kwa nini. Mwenye nyumba alikuwa na mali, mbona asipanue? Ni boriti. Dari yabebwa na boriti za mikoko, na mti wa mkoko mwisho wake ni hapo. Nyumba yafuata mti. Mtoto akilijua hilo hatachora sebule ya mita kumi bila nguzo.

---

Mpinzani wa Heri

Sitaki kuonekana nabeza, nawaheshimu walimu. Lakini naona hatari. Mtoto akishika programu hizi anajiona msanifu. Kesho mjomba wake anamwambia nichoree nyumba, wanajenga ghorofa bila mhandisi. Nchi hii tumeshazika watu kwa majengo yaliyoporomoka.

---

Mwalimu wa Kisauni

Ndugu yangu, hofu yako ni ya haki na darasani nimeiweka mbele kabisa. Ramani ya kujengea lazima itoke kwa msanifu aliyesajiliwa na ipitishwe na kaunti, na ghorofa inahitaji mhandisi. Kila karatasi tunayochapisha ina maneno chini yake: "Zoezi la darasani, si ya kujengea." Nimewaeleza kwamba programu itakubali uweke ghorofa tano juu ya ukuta wa sentimita 7.5 na haitasema neno. Inachora umbo, haipimi uzito. Kikundi kimoja kiliniuliza nani basi anayepima uzito, tukatumia kipindi kizima kwa hilo na hatukugusa kompyuta.

Naamini pia kwamba mtoto aliyewahi kuisoma ramani atakapokuwa mkubwa na akajenga, hatadanganywa kirahisi na mtu wa kumuuzia karatasi isiyo na muhuri.

---

Mwalimu Mwenzako, Likoni

Mimi nimejaribu kitu hicho hicho na nilikwama kwa stima. Ilipotea dakika tano kabla ya kengele na makundi manane yakapoteza kazi ya wiki mbili. Kuna mmoja alilia. Sasa nina sheria: kila mnapobadilishana kiti, anayeondoka anahifadhi kabla hajanyanyuka. Programu ina sehemu ya kujihifadhi yenyewe pia, ipo kwenye mapendeleo, hakikisha imewashwa kwenye kila mashine.

Tena jaribuni kuichora Fort Jesus, ile ngome ya kale ya Mombasa. Programu inakubali kuweka picha chini ya ramani, kisha unaionyesha mstari mmoja ambao urefu wake unaujua, nayo inapata skeli ya picha nzima. Niliwapa ramani ya ngome, wakachora kuta juu yake. Ngome ile ilijengwa kati ya 1593 na 1596, mchoraji wake ni Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama kutoka juu ina umbo la mwili wa mtu, kichwa, mikono na miguu. Watoto wa Likoni wanapita kivuko kila wiki na hawakujua kwamba wanapita karibu na mtu aliyelala.

Njia hiyo hiyo inafaa kwa ramani waliyochora kwa mkono. Ipige picha kwa simu, iweke chini, uichore upya juu yake. Mchoraji wa Tudor utafurahi, mkono na kompyuta vinakutana.

---

Kijana wa Changamwe

Naweza kufanya hivi kwa simu? Kwetu hakuna kompyuta na shule tunaingia maabara mara moja kwa wiki.

---

Mchoraji wa Tudor

Kijana, usingoje kompyuta. Chukua daftari la miraba la hisabati. Kila mraba uuite nusu mita. Pima chumba kimoja kwa wiki: darasa, duka la jirani, chumba cha wudhuu msikitini ukiomba ruhusa. Chora kuta, milango na mahali inapofagia, madirisha. Ukiingia maabara una kazi tayari mkononi, dakika zako arubaini zote ni za kuchora, hakuna ya kufikiria uanze na nini. SketchUp, programu nyingine ya kuchora, ipo ya bure kwenye kivinjari, lakini imetengenezwa kwa kompyuta, si kwa simu, na inakula bando. Daftari kwanza.

Na Mwalimu, nina printa ya A3 ofisini. Nitumie kazi za watoto, nitazichapisha kwa 1:50. Nataka waione kazi yao kwenye karatasi ya kazi.

---

Mwalimu wa Kisauni

Sina la kusema ila Mungu akulipe. Nitakuletea faili 12 Alhamisi, ile ya chumba cha kumi kwa kumi ikiwa ya kwanza. Msichana mwenyewe ameniomba jina lake liandikwe pale chini kulia, mahali pa mchoraji. Hapo awali hakutaka hata ijulikane imetoka kundi gani.

---

Fundi Mwashi

Mwalimu, Jumamosi sina mjengo. Nije na uzi na vigingi, tuipige hiyo ramani chini uwanjani, kumi kwa kumi kamili, waingie ndani wasimame wote sita?

---

Mwalimu wa Kisauni

Njoo, fundi. Nimeshazungumza na mwalimu mkuu, amekubali. Watavuta uzi wa tatu, nne na tano wao wenyewe, wewe usimamie kona tu. Godoro nitalibeba mimi na ndoo zipo. Tuanze saa mbili asubuhi kabla jua halijawa kali, na mlango tutauweka kwa ubao wa sentimita 90, tuufungue na kuufunga tuone kama meza inapona.